Usilipie cheti cha nafuu ya kodi

Kaka, umeuliza kama ofisi ya kazi ya jimbo inaweza kukutoza ada ya cheti cha nafuu ya kodi (WOTC, punguzo la kodi la Marekani kwa mwajiri anayeajiri watu wa makundi yanayopata kazi kwa shida) kwa kijana uliyemwajiri mgahawani Agosti 2025. Usitoe hata senti. Kazi ya kutoa cheti hicho inagharamiwa na ruzuku ambayo Wizara ya Kazi ya Marekani huyapa majimbo. Kama kuna mtu anakudai ada hiyo, huenda ni wakala tu.

Mimi ningehofia tarehe. Fomu 8850, ya kuomba cheti hicho, ilitakiwa itumwe kwa ofisi hiyo ya jimbo ndani ya siku 28 tangu aanze kazi. Siku ya 29, imekula kwako. Kama uliiwahi, tulia, foleni zao ni ndefu. Ila hesabu saa alizofanya kazi huyo kijana mwaka wa kwanza: chini ya 120 hupati kitu, kuanzia 400 ni asilimia 40 ya mshahara, kwa kawaida hadi dola 2,400.