Mkuu, usilipie hiyo fremu ya bondeni. Mimi nilishalia kwa niaba yako

Usilipe leo, usilipe kesho. Na kama dalali yuko hapo pembeni anakunywa soda yako, mwambie amalizie aondoke.

Mleta mada unasema umepata fremu Kigogo hapa Dar, kule chini bonde la Msimbazi, bei chee, unataka kufungua duka la vifaa vya umeme kabla vuli haijaanza. Umeuliza mkataba uwe wa namna gani, leseni inachukua muda gani, na kama kuna haja ya kujali tangazo la mvua la TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, maana eti "hawa watu wa tabianchi wanatafuta hela za wafadhili tu". Hiyo ya mwisho ndiyo imenitoa kitandani. Mimi niliitamka hivyo hivyo Septemba 2023, nimesimama ndani ya fremu kama hiyo, mikono kiunoni, najiona msomi.

Kazi yangu ni makochi. Agosti ile TMA walishatangaza kwamba vuli inakuja na El Niño, yaani lile joto la bahari ya Pasifiki linalotuletea mvua nyingi huku kwetu, mvua juu ya wastani, wa mabondeni wachukue tahadhari. Nikacheka. Si walitutisha na kimbunga Jobo Aprili 2021, kikaishiwa nguvu kabla hakijatufikia? Dalali alivyoona nacheka akapata pa kuingilia: "Kaka, hawa wasipotisha watu semina zitatoka wapi? Posho hizo." Nikaona huyu jamaa ana akili kubwa kuliko maprofesa. Nikalipa miezi sita mkupuo, 250,000 kwa mwezi, na mwezi mmoja juu wa kwake yeye. Nikahamishia mbao, vitambaa, cherehani mbili, kompresa, na sponji la seti nne ambazo wateja walishanilipa nusu.

Sasa nisikilize hapa. Usiku maji yalipokuja, Kigogo palikuwa na manyunyu tu. Nililala fofofo. Mto Msimbazi unaanzia huko vilima vya Pugu, Kisarawe, kwa hiyo wewe unaweza kuwa unaangalia nyota na mzigo wako unaogelea. Mlinzi alinipigia saa tisa usiku. Nilipofika maji yalikuwa kifuani, mlango haufunguki, na kochi moja lilishatoka dirishani bila kuaga.

Mbao zilipinda. Mota za cherehani zilijaa tope. Na sponji, ndugu yangu, sponji likishakunywa maji ya Msimbazi halianikiki. Nililiweka juani siku tisa, nzi wakalipenda kuliko wateja walivyowahi kulipenda. Jumla milioni tisa na ushee, ukiacha hela za watu nilizorudisha kidogo kidogo mpaka mwaka uliofuata. Mmoja wa wateja hao ni mjomba wa mke wangu. Hadi leo kwenye vikao vya ukoo ananiita El Niño.

Nikampigia dalali. Alipokea upesi, nimsifu kwa hilo. Akasema, "Kazi ya Mungu hiyo kaka," halafu akaniuliza kama natafuta fremu nyingine, ana moja Tabata.

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu, na si ule mnaoudhani. Kuuliza mwanasayansi analipwa na nani si kosa. Uliza! Kosa langu ni kwamba niliuliza kwa upande mmoja. Mtabiri wa TMA analipwa mshahara wake nihame nisihame. Dalali asingepata hata mia kama ningeogopa mvua. Mwenye nyumba naye hivyo hivyo. Kati ya watu wote walioniongelea maji, niliowaamini ni wale wenye hela ndani ya jambo lenyewe. Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: anayekwambia usimwamini fulani kwa sababu ya hela, mpekue yeye kwanza.

Hata kwa hao wakubwa wa huko nje ni hivyo hivyo. Richard Muller, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, alikuwa haamini vipimo vya joto la dunia. Akaanzisha timu yake avikague upya, na sehemu ya fedha ilitoka kwenye mfuko wa Charles Koch, tajiri wa mafuta. Kama mwanasayansi huimba wimbo wa mfadhili, huyu alikuwa na kila sababu. Mwaka 2012 akaandika hadharani kwamba joto linapanda kweli na karibu lote ni kazi ya binadamu. Nao Exxon, kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani, watafiti wao wenyewe walikadiria ongezeko hilo tangu miaka ya 1970 na 1980, na makadirio yakaja kutimia vizuri tu, huku kampuni ikiwaambia watu kwamba sayansi haijawa na uhakika. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka dalali wangu. Tofauti ni suti tu.

Najua kuna watakaokuja kusema Msimbazi unafurika kwa takataka, mchanga na watu kujenga mtoni. Ni kweli kabisa, na El Niño ilikuwepo kabla hata ya magari. Ila hewa ikiongezeka joto nyuzi moja ya Selsiasi inabeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na huo mvuke lazima ushuke mahali. Wewe una mfereji umeziba, halafu unaongezewa maji. Desemba 2011 mvua ilivyopiga Dar, TMA wakasema haijaonekana kama ile tangu 1954, watu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mimi nilikuwepo mjini! Nilipita Jangwani nikaona kwa macho! Miaka kumi na mbili baadaye naenda kulipa kodi hatua chache kutoka mtoni.

Na ile hoja yangu ya Jobo, naona aibu hata kuiandika. "Juu ya wastani" maana yake uwezekano ni mkubwa, si kwamba wameapa. Mimi ninayebeti mkeka wa mechi 12 kila Jumamosi ndiye nilishindwa kuelewa hilo.

Sijui kama nimekujibu ya leseni. Ila ukienda kuiona hiyo fremu tena, nenda bila dalali, mchana. Muulize mama lishe wa jirani maji ya mwisho yalimfika wapi mwilini. Yeye hana kamisheni. Kisha ingia ndani uangalie ukuta, uniambie hapa kama rangi ya kuanzia kiunoni kwenda chini ni mpya kuliko ya juu.