Mdomo umebabuka na embe: majibu ya maswali yenu

Assalamu alaykum jamani. Tangu maembe yashike kuiva simu yangu haipumui, kila siku picha za midomo iliyovimba na mashavu yenye vipele. Mie nauza dawa dukani, si daktari wa ngozi, lakini haya nayaona kila msimu na mwenyewe nimeyapata utotoni, kwa hiyo nayajibu kwa roho moja.

Mwanangu wa miaka tisa kala maembe mabichi skuli, siku ya pili kaamka mdomo umevimba na vipele vimeuzunguka. Bibi yake anasema kapitiwa na buibui usiku. Tumempaka ndimu ndo kwanza kazidi. (Mama, Wete)

Pole sana dada, na ndimu acha leo leo. Huyo hakupitiwa na buibui, ni utomvu wa embe. Ukitaka kuona nguvu yake litizame embe lenyewe, pale utomvu ulipochirizika kutoka kwenye kikonyo ganda linaungua linabaki na mstari mweusi, sasa ikiwa ganda la embe linaungua ngozi ya mtoto itasemaje? Na watoto wetu embe bichi hawalimenyi kwa kisu, wanaling'ata palepale kwenye kikonyo, wanatema ganda, chumvi na pilipili juu, halafu wanajifuta mdomo kwa mkono na mkono huohuo unaenda machoni.

Kinachowababaisha wazee ni kwamba haitoki palepale. Mwili wa mwenye aleji unachukua siku moja au mbili mpaka vipele vitoke, na mara nyengine mtu kala maembe miaka na miaka hana neno halafu mwaka mmoja mwili unakataa. Ndo maana analaumiwa buibui.

Sasa fanya hivi. Muoshe uso na mikono kwa sabuni ya kawaida na maji, kucha usizisahau maana utomvu unajificha humo. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya baridi umkande robo saa, mara kadhaa kwa siku. Midomo mpake vaselini. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, ile ya kutuliza mwasho na uvimbe, inasaidia, nyembamba tu, nje ya mdomo, isiingie ndani wala machoni, na kwa mtoto kaulize kwanza kituo cha afya. Kinachobaki ni subira, wiki moja mpaka mbili. Ndimu ikikaa kwenye ngozi halafu mtu akatoka juani inaunguza yenyewe, inaacha weusi unaokaa miezi, sasa utakuwa na maradhi mawili kwenye uso mmoja. Dawa ya meno, majivu, manjano, vyote viweke mbali mpaka ngozi ifunge.

Lakini ukiona ulimi unavimba, anahema kwa shida, sauti imebadilika au hamezi mate, usisubiri hata dakika, mkimbize hospitali ilokaribu nawe, usiku mchana. Macho yakivimba mpaka hayafunguki pia mpeleke, hapo daktari huenda akampa vidonge, kupaka tu hakutoshi.

Maji ya malengelenge yakimgusa mdogo wake, yanaambukiza? (Mama huyohuyo)

Hayaambukizi. Kinachoambukiza ni utomvu wenyewe ukibaki kwenye kanga, kisu au pakacha, hivyo fua na osha. Malengelenge usiyatumbue tu, vidonda vya usoni vikiingia uchafu vinatunga usaha.

Niliishi Marekani nikapata upele mbaya wa poizoni aivi. Nimerudi Chake, embe moja tu nimebabuka mdomo mzima. Utotoni nilikuwa nakwea miembe kutwa! (Kaka, Chake Chake)

Kaka yangu, umekutana na ukoo mmoja pande mbili za dunia. Ule mmea wa kule wenye majani matatumatatu, mwembe na mkorosho ni jamaa wa damu. Poizoni aivi ina mafuta yanaitwa urushioli, na kwenye ganda na utomvu wa embe mna kitu kinachofanana nayo sana, kwa hiyo mwili uliojifunza kuichukia kule ukaja kukitambua hapa. Tahadhari na korosho mbichi pia, usibangue kwa meno wala kwa mikono mitupu, na wanapochoma korosho usikae kwenye moshi. Zilokwisha kubanguliwa na kukaangwa kwa kawaida hazina tabu hiyo.

Kuna tyubu nauziwa, nikipaka usoni vipele vinapotea siku mbili tu, nikiacha vinarudi. Niendelee? (Bi harusi mtarajiwa, Bububu)

Mdogo wangu, nakuomba acha kujinunulia hiyo. Soma tyubu, ukikuta klobetasoli au betamethasoni hiyo ni dawa kali na uso haukuumbwa kwa ajili yake. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinajaa, na wateja wangu wengi wamekuja wakilia kabla ya harusi. Kama umeitumia wiki nyingi nenda kwa daktari akupangie namna ya kuipunguza.

Majimbi yananiwasha mdomo na koo, ni aleji? (Bi mkubwa, Mkoani)

Hapana shangazi, yale ni vijisindano vidogo mno ambavyo jicho halivioni, vinachoma. Yapike mpaka yalainike kabisa, yasiwe na ugumu katikati, na unapoyamenya paka mafuta mikononi. Yale maua yanayopandwa kwenye vyungu, ya majani makubwa yenye madoa meupe yana vijisindano hivyohivyo, mtoto akiyatafuna msukutue mdomo kwa maji, mpe maziwa ya baridi, na uangalie anavyopumua.

Je, niache embe kabisa? (Wengi mmeuliza)

Kama koo lilivimba au pumzi ilibana, ndiyo, acha mpaka daktari aseme. Kama ni vipele vya mdomo tu jaribu hivi: embe likate kikonyo, liinamishe kwenye ndoo utomvu umwagike wote, lioshe, mwengine akumenyee ganda nene, ukatiwe vipande kwenye sahani ule kwa uma. Na kokwa usilifyonze, hata likiwa la boribo, mwachie asiyedhurika.