Galari imechukua nusu ya bei, nikimuuzia mteja wao pembeni kuna ubaya?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mchoraji naishi Kigogo, juzijuzi galari moja hapa Dar ilinipa nafasi kwenye maonyesho, wakauza picha yangu moja milioni 1 wakakata laki 5, yaani nusu nzima! Sasa kuna mteja aliyeziona kazi zangu siku ya ufunguzi kanitafuta Instagram, anataka nyingine saizi ileile nimuuzie mwenyewe kwa laki 6. Hela naihitaji kweli. Washkaji wanasema uza, picha si yako? Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Picha ni yako, hilo halina ubishi, ila mteja ni wao ndo wamekukutanisha naye na ukiwazunguka watajua tu, maana wanunuzi wa sanaa Dar hii ni wachache na wanajuana. Tena fikiria yule aliyetoa milioni, siku akisikia mwenzie kapata ya saizi ileile kwa laki 6 atajiona kapigwa, na galari haitaweza tena kutaja milioni kwa jina lako. Bei ya studio na bei ya galari iwe moja, hapo sikubembelezi.

Asilimia 50 inauma, naelewa, lakini ndo kawaida ya galari nyingi duniani, hata London na New York. Hiyo nusu inalipa pango, taa, wafanyakazi, ufunguzi, na zile simu za kumkumbusha mteja miezi na miezi mpaka anunue. Kama wao wamekutundikia tu ukutani wakakaa kusubiri basi una haki kabisa ya kuomba washuke mpaka 30 au 40.

Na hawa wenye galari, kazi yao ya kumjenga msanii inachukua miaka. Mcheki Everlyn Nicodemus, msanii mzaliwa wa Marangu: onyesho lake la kwanza la peke yake lilikuwa Makumbusho ya Taifa hapahapa Dar mwaka 1980, baadaye sana ndo Richard Saltoun Gallery ya London ikaanza kumwakilisha, na 2024 National Galleries of Scotland wakaonyesha kazi zake za miaka zaidi ya 40. Mwenye galari anayekuamini namna hiyo humpotezi kwa ajili ya laki moja ya ziada.

Kwa hiyo wapigie leo, waambie fulani kanitafuta, tunafanyaje? Galari nyingi zinakubali kamisheni ndogo kwa picha iliyouzwa studio, ila lazima uombe. Halafu kabla hujapeleka hata kanvasi moja tena, muandikiane. Orodha ya picha na bei zake, zinakaa pale mpaka lini, mteja akilipa wewe unapata chako ndani ya siku ngapi (mi nasema zisizidi 30), diskaunti inatoka kwenye fungu la nani, na picha ikiota ukungu kwa unyevu huu wetu wa pwani nani analipa. Uandike pia kwamba hakimiliki inabaki kwako, wakitaka kuiweka kwenye kalenda au fulana waje muongee upya. Galari inayonuna ukiomba karatasi, usiiachie picha.

SWALI: Dada, mi ndo naanza, sina koneksheni yoyote. Naingiaje galari?

JIBU: Usiende na picha kwapani bila miadi. Anza kuhudhuria funguzi za maonyesho, Nafasi Art Space pale Mikocheni wapo tangu 2008 na wana studio za wasanii, nenda Alliance Française pia, kile kituo cha utamaduni wa Kifaransa, salimia watu, angalia kila sehemu wanapenda kazi za aina gani. Ukishaona panapokufaa watumie picha 10 zilizopigwa kwenye mwanga mzuri wa mchana, kila moja na saizi, mwaka na bei. Wakikaa kimya wiki tatu, wakumbushe kwa adabu.