Bili ya maji imeruka: tusianze na nyundo

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina nyumba ya kupangisha Tabata, Dar es Salaam. Vyumba sita, familia sita, mita moja ya DAWASA. Maji yanapanda kwenye simtank ya lita 2000 juu ya mnara, kisha yanashuka bafuni, kwenye sinki la vyombo na kwenye choo kimoja cha kukaa. Bili wanagawana sawa. Siku zote ilikuwa uniti 17 au 18, mwezi uliopita imekuja 41. Wapangaji wanamsema mama wa chumba cha mwisho, maana anafua nguo za watu. Fundi niliyemwita hakukaa hata dakika kumi, akasema bomba limepasuka chini ya korido, tuvunje sakafu. Nifanyeje?

JIBU: Salama mama, pole na hekaheka. Nyundo ikae kwanza, tupige hesabu.

Uniti moja ni lita 1000, yaani ndoo 50 za lita 20. Zimezidi uniti 23, sawa na lita 23,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 30, unapata kama lita 767 kwa siku, au ndoo 38. Huyo mama angelazimika kufua ndoo 38 juu ya zile alizozoea, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kamba za kuanikia tu zisingemtosha. Mwombeni radhi mapema.

Ila ukizigawa lita hizo kwa dakika za siku nzima, unapata nusu lita na ushee kwa dakika. Ni kijimkondo chembamba tu, kisicho na kelele, ila hakilali. Hiyo ndiyo sura ya maji yanayovuja, na yanaweza kuwa yanavujia sehemu tatu: kati ya mita na tangi, kwenye tangi lenyewe, au kati ya tangi na nyumba. Ukijua ni ipi, umeshamaliza nusu ya kazi.

Chagua usiku ambao maji ya mgao yapo. Wengi hukosea hapa: wanakwenda kuangalia mita mchana maji yamekatika, wanaikuta imetulia, wanasema hakuna tatizo. Tangi lijae kwanza. Wapangaji wajaze ndoo zao, kisha koki zote zifungwe kwa saa moja, pamoja na ile inayoshusha maji kutoka kwenye tangi. Piga picha namba za mita, nyeusi na zile nyekundu za mwisho, na utazame kile kinyota kidogo kinachozunguka. Tangi limejaa, hakuna anayetumia, kwa hiyo kinyota kinatakiwa kisimame kabisa.

Kikizunguka, funga koki iliyo chini ya mnara, ile inayopeleka maji juu. Kikisimama, mwenye kosa ni boya la tangi, yaani kile kielea kinachofunga maji tangi likijaa. Kikiendelea, bomba la ardhini kati ya mita na mnara linavuja, fuateni njia yake mkitafuta udongo mbichi. (Maji yakivuja kabla ya mita hayaingii kwenye bili yako, hayo wapigie DAWASA.)

Boya lisikudanganye. Usiku watu wakilala, presha ya maji mtaani hupanda, na raba iliyochoka inayoshika vizuri mchana huanza kupitisha. Maji yaliyozidi yanatoka kwa bomba la kumwagia, na kama aliyejenga alilielekeza kwenye mtaro au kwenye chemba, hamtayaona. Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo ya kazi, nilivunja vigae vya sebule ya mtu Mbagala kutafuta bomba lililopasuka. Bomba lilikuwa zima. Boya lilikuwa limeingia maji kama dafu, halielei tena. Vigae nilirudishia kwa pesa yangu. Kwa hiyo panda juu, lifungue, litikise karibu na sikio.

Mita ikitulia tangu mwanzo, kabla hujafunga koki ya kupandisha, tatizo liko upande wa nyumba. Fungua ile koki ya kushusha, kisha funga ya kupandisha saa tano usiku, weka alama ya usawa wa maji ndani ya tangi, waambie watu wasiguse koki mpaka saa kumi na moja alfajiri, wa chooni watumie ndoo. Kwa tangi lenye kipenyo cha mita 1.2, kila sentimita moja ni lita 11 hivi. Nusu lita kwa dakika kwa saa sita ni lita 180 na zaidi, kwa hiyo maji yatashuka chini ya alama sentimita 16 au 17. Huhitaji mashine kuliona hilo.

Hata ikithibitika kuwa ni chini ya korido, bado nisingevunja. Bomba lililochakaa likizibwa hapa hufumuka pale. Liache lilipo, pitisha laini mpya ya PPR (bomba gumu la plastiki) ukutani kwa nje, na uifunike, maana PPR haipendi jua. Siku ikivuja, utaiona kwa macho.

Kuhusu bili hiyo, nakwambia nikiwa fundi, si mwanasheria: uniti 23 zilizovuja ni za nyumba, na nyumba ni yako. Wao walipe zile 18. Baadaye, ukipata nafasi, kila familia iwe na mita yake ndogo ya ndani.

Ila kwa maelezo yako, mimi nashuku choo. Kimoja, familia sita, raba yake haina siku ya kupumzika. Maji yanateleza ukutani mwa bakuli bila sauti na kuishia kwenye karo. Chukua bluu ya kufulia, bila shaka yule mama anayo, koroga kidogo ndani ya tangi la flashi na mtu asiflashi kwa nusu saa. Bluu ikionekana kwenye bakuli, umempata. Usikubali kuuziwa seti nzima. Ng'oa raba ya zamani, nenda nayo dukani, wakupe inayolingana nayo, na kabla ya kuweka mpya futa chumvi iliyoganda kwenye mdomo inapokalia.