Nilikuwa kinara wa mauzo, mbona timu yangu inashuka?

SWALI: Niko Mwanza, kampuni ya kusambaza sabuni na vinywaji. Miaka mitatu mfululizo niliongoza kwa mauzo, mwezi wa nne nikapewa usupavaiza wa vijana sita. Tangu hapo lengo la mwezi hatujaligusa. Kikao cha Jumatatu nikiuliza kuna tatizo gani, wanasema hakuna. Naishia kuingia ruti mwenyewe kuokoa mwezi. Tatizo ni mimi au wao?

JIBU: Hongera kwa cheo, na pole. Tatizo lilianza na namna ulivyopandishwa. Wachumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichambua takwimu za wauzaji katika kampuni 131 za Marekani. Anayeuza sana ndiye aliyepandishwa haraka, lakini akishakuwa meneja, vijana wake waliuza kidogo kuliko wa meneja ambaye zamani hakuwa kinara. Waliozoea kuuza kwa kushirikiana na wenzao ndio walioongoza vizuri.

Lakini kiti umeshakikalia, na hiyo ya kuingia ruti ndiyo inayokumaliza. Niliwahi kupanda gari na supavaiza kama wewe. Dukani, kijana wake alikuwa ndiyo kwanza anamweleza mama mwenye duka punguzo la katoni kumi, bosi akamchomoa kitabu cha oda mkononi na kuandika katoni kumi na tano. Tukaondoka tunacheka. Wiki iliyofuata yule mama alipoishiwa sabuni alimpigia supavaiza. Kijana alibaki mbeba sampuli.

Panda nao gari, ndiyo, ila mikono mfukoni. Maneno yako yasubiri mpaka mrudi garini. Oda kadhaa zitakuponyoka, kwa hiyo mwambie meneja wako mapema kabla hajaziona kwenye ripoti.

Sasa huo ukimya wa Jumatatu. Amy Edmondson wa Harvard alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali, akachapisha matokeo mwaka 1996. Alitarajia timu nzuri zikosee kidogo. Akakuta ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Kumbe huko watu walikuwa huru kusema, kwingine waliyafunika. Basi "hakuna shida bosi" isikufurahishe. Anza wewe: taja mteja uliyempoteza mwezi huu na ulivyompoteza. Kisha achana na "kuna tatizo gani", muulize kila mmoja duka gani limemkatalia wiki hii na mwenye duka alisemaje. Halafu nyamaza. Dakika ya kwanza ni ndefu kweli.

Kama unawaza cheo kinachofuata: Google walipochunguza mameneja wao katika mradi ulioanza 2008, walipata tabia nane za meneja bora. Kuwalea watu kazini ilikuwa ya kwanza, ujuzi wa kiufundi wa nane. Kwako, kipimo changu ni simu. Siku mwenye duka wa Igoma atakapompigia kijana wako badala yako, usimkumbushe kwamba namba yako bado ipo.