Kwaki kwa vifuniko vya soda, mwalimu acha kusubiri maabara

Juzi mwalimu mmoja kanitumia meseji, "kaka, shuleni kwetu hata voltimita nzima hatuna, hivi vichembe vya msingi nawafundishaje watoto?" Nikacheka, maana mimi nilishachekwa stafu rumu siku nilipoingia na mfuko wa vifuniko vya soda, eti ticha anaenda kucheza drafti na form six. Bado inaniuma kidogo, sikatai.

Sasa sikia. Kwaki ni vichembe vidogo vinavyounda protoni na nyutroni. Kifuniko kilichofunuliwa ni kwaki juu, chaji yake +2/3, kilichofunikwa ni kwaki chini, −1/3. Wape vya kutosha, waambie wachukue vitatu vitatu wajumlishe, basi, kaa kimya. Juu mbili na chini moja inatoka 1, hiyo protoni, juu moja na chini mbili inatoka 0, nyutroni. Hapo walimu wengi wanafunga daftari na ndo utamu unapotea!

Kwangu binti mmoja alipanga juu tatu akapata 2, wenzake wakamzomea kwamba protoni ya chaji mbili haipo. Nikawaambia mwacheni, hicho kitu kipo, ni kichembe kinaitwa delta, mwanafizikia Fermi na wenzake waliona dalili zake Chicago 1952, kabla hata Gell-Mann na Zweig hawajaleta wazo la kwaki 1964. Darasa kimya. Halafu kijana wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) akauliza, sasa kwaki tatu zinazofanana kila kitu zinakaaje pamoja wakati kanuni ya Pauli inakataza vichembe viwili vya aina hiyo kuwa na hali ileile moja, si tulisoma kwenye elektroni? Jamani nilitamani wale wa stafu rumu wawepo! Nikatoa maka pen, nyekundu, kijani, bluu, kila kifuniko rangi yake, hazifanani tena kila kitu, na hiyo ndo sababu wanafizikia walibuni "rangi" ya kwaki, japo si rangi ya macho.

Kwahiyo ushauri wangu, usiwape jibu kabla hawajahangaika wenyewe. Wakipata kitu cha ajabu usikifute, kiache mezani, na narudia usiwape jibu. Ukiwa na dabo piriodi ongeza gololi, ficha kipande cha mbao chini ya ubao wabiringishe wakisie umbo lake kwa jinsi zinavyorudi, ndo akili ya Geiger na Marsden 1909, waliorusha vichembe vya alfa kwenye karatasi ya dhahabu wakaangalia vinavyorudi. Watakuambia haitoki nekta, mtihani wa taifa, wewe waache waseme. Vifuniko vyenyewe dukani kwa mangi utapewa bure, ila vioshe kwanza, sisimizi wanapenda soda.