Usiifunge kabla hujamjua aliyeiita

Mteja atapanda ngazi, ataweka laptopu kwenye kaunta na kusema, "Fundi, hii mashine inafungua vitu yenyewe." Mpokee vizuri, andika alivyosema, lakini hilo neno "yenyewe" liache hapo hapo kaunta. Programu haijifungui. Kuna kilichoiita: mstari kwenye rejistri (daftari la mipangilio la Windows), njia ya mkato ndani ya folda, kazi iliyopangiwa saa, huduma inayokimbia chinichini, au Windows ikidhani inakusaidia. Waitaji wenyewe ni wachache, na ukishawazoea utaacha kubahatisha.

Nawaandikia ninyi mnaoanza, hasa vijana wa atachimenti tunaowapokea hapa Nairobi karibu na Luthuli Avenue, kwa sababu kosa ni lile lile kila muhula. Kijana anaona dirisha lisilotakikana, analifunga. Anafuta programu anayoishuku, anawasha upya, dirisha limerudi. Anafuta nyingine. Kufikia saa saba anaulizia flashi ya kuweka Windows upya.

Sicheki, maana mimi nilifanya vibaya zaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa Jumamosi jioni kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Industrial Area. Kompyuta ya mauzo ilikuwa ya Windows 7, na mwenye duka alikuwa anaiwasha, anakwenda kununua chai, anarudi, bado. Nikafungua msconfig (zana ya Windows ya kuchagua kinachowaka pamoja nayo), nikaingia kwenye orodha ya huduma, nikabofya Disable all bila kusoma hata jina moja. Ikawaka haraka sana. Mzee akanipa mkono na pesa ya matatu juu ya malipo.

Jumatatu saa moja asubuhi simu ikalia. Lori limesimama langoni na simiti, risiti haitoki. Programu ya mahesabu haikuona hifadhidata yake kwa sababu huduma ya hifadhidata nilikuwa nimeizima, na printa ilinyamaza kwa sababu Print Spooler, huduma inayopanga foleni ya kuchapa, nayo niliizima. Nikakimbia kule, nikabofya Enable all, nikadhani mambo yameisha. Kumbe fundi aliyenitangulia alikuwa amezima chache hapo hapo kwenye msconfig, kwa sababu zake, na sasa nazo zimeamka zote na kuanza kugombana. Sikuwa nimeandika popote hali niliyoikuta. Nilitoka pale saa nane mchana, na hakuna aliyenipa mkono.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, toa simu upige picha ya orodha jinsi ulivyoikuta. Picha tatu nne zinatosha.

Sasa uliza maswali. Dirisha hutokea lini: kabla ya kuweka nenosiri, mara tu baada ya kuingia, au dakika kadhaa baadaye? Linarudi saa ile ile kila siku hata kama kompyuta imewaka tangu asubuhi? Kitu kinachokimbia kabla mtu hajaingia kwa kawaida ni huduma, au kazi iliyopangwa kuanza pamoja na mashine. Kinachotokea mtu akishaingia kinaweza kuwa cha rejistri, cha folda ya Startup (Windows hufungua vilivyomo mtu akiingia), au cha Task Scheduler (ratiba ya Windows ya kazi zilizopangwa). Kinachofuata saa ya ukutani, nenda moja kwa moja Task Scheduler. Mteja mara nyingi hajui jibu, kwa hiyo iwashe mbele yake mkiangalia wote wawili.

Kuna jaribio moja ambalo ningependa mlizoee kuliko yote, na sioni likifundishwa. Tengeneza akaunti nyingine ya muda kwenye mashine hiyo, ingia nayo, usubiri. Dirisha likitokea huko pia, mwitaji yuko mahali pa watumiaji wote: kwenye rejistri ni tawi la HKEY_LOCAL_MACHINE, na kwenye diski ni folda ya Startup iliyo chini ya ProgramData. Lisipotokea, yaelekea mwitaji ni wa yule mteja peke yake: HKEY_CURRENT_USER, au Startup yake mwenyewe, ambayo unaifikia kwa kubonyeza kitufe cha Windows na R kisha kuandika shell:startup. Ya watumiaji wote ni shell:common startup. Katika matawi yote mawili ya rejistri njia ni moja, Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, na jirani yake RunOnce. Jaribio hilo la dakika tano limekupunguzia nusu ya nyumba ya kupekua. Ukimaliza ifute ile akaunti, usimwachie mteja mgeni asiyemjua kwenye skrini ya kuingilia.

Mahali pa kuanzia ni Task Manager, Ctrl na Shift na Esc. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 orodha ya programu za kuwakia iko humo. Kwenye Windows 7 bado iko msconfig. Wengi huishia kwenye jina na neno Enabled. Wewe bofya kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu, uongeze safu ya Command line. Hapo unaona njia kamili ya faili na amri inayofuatana nayo. Jina linaweza kudanganya, njia ni vigumu. Kitu kinachojiita sasisho la kitu maarufu lakini kinakaa ndani ya AppData\Roaming kwenye folda yenye jina la herufi zisizosomeka, hicho kikalishe chini ukihoji.

Mtakutana pia na kitu kinachoitwa "Program" tu, hakina alama wala mtengenezaji. Vijana hushtuka, wanasema virusi. Mara nyingi ni mstari ulioandikwa bila alama za kunukuu: njia inaanza C:\Program Files, Windows inafika kwenye ile nafasi kati ya maneno mawili na kuishia hapo, ikadhani jina la programu ni "Program". Aghalabu ni mabaki ya kitu kilichokwisha kuondolewa. Safu ya Command line itakuonyesha kilikuwa nini.

Kwa programu halali, kama zile za muziki na za mikutano, izimie ndani ya mipangilio yake yenyewe kwanza. Ukiizima nje tu, sasisho linalofuata linaweza kuirudisha, na mteja atasema hukufanya kazi.

Halafu kuna hii ya Windows yenyewe. Tangu sasisho la Windows 10 la Oktoba 2017, mfumo unaweza kufungua tena programu zilizokuwa wazi ulipozima. Dada mmoja mwanafunzi alituletea laptopu akiwa karibu kulia: kila akiwasha, kivinjari kinajitokeza na kurasa za jana, na mara moja kilijitokeza akiwa ameiunganisha na projekta mbele ya darasa. Alishaambiwa mahali pengine kwamba imedukuliwa. Hakuna aliyedukua. Ingia Settings, Accounts, kisha Sign-in options, utafute swichi ya kufungua upya programu, uzime. Angalia hapo kabla hujaanza kuwinda virusi.

Ile ya saiba ndiyo napenda kuisimulia. Mama mmoja mwenye saiba, watu wanajaza fomu za kodi za KRA na za mikopo ya chuo za HELB kwake kutwa, alikuwa na kompyuta sita, na kila moja ikiwaka ilitoa kijisanduku cha Windows Script Host: faili fulani ya vbs (faili ya amri za Windows) haionekani. Akibofya OK kinaondoka, kesho kiko. Soma ujumbe kama huo polepole, kwa sababu unakuambia habari mbili. Ya kwanza, kulikuwa na mdudu, aina ile ya flashi inayogeuza mafaili kuwa njia za mkato. Ya pili, antivairasi imeshamla mdudu lakini imeacha mwaliko wake, na Windows inaendelea kumwita marehemu kila asubuhi. Huhitaji kuweka Windows upya. Ichukue ile njia ya faili iliyo kwenye ujumbe, itafute kwenye Run, kwenye Startup na kwenye Task Scheduler, na uondoe mstari unaoitaja.

Nilifanya hivyo kwenye mashine zote sita, nikaondoka. Siku ya tatu akanipigia: "Fundi, imerudi, na sasa si kijisanduku, ni mdudu mzima." Nilikuwa nimesahau flashi yake mwenyewe, ile anayohamishia kazi za wateja hadi kwenye mashine ya printa. Ichomeke flashi kama hiyo kwenye mashine salama, usibofye chochote ndani yake, kwanza iskani kwa antivairasi, kisha fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi. Mafaili halisi yaliyofichwa yataonekana, na njia za mkato za uongo utazifuta. Safari ya pili sikumlipisha, ilikuwa haki yake.

Dirisha jeusi linalomulika sekunde moja na kutoweka, karibu kila mara ni kazi ya Task Scheduler. Fungua maktaba yake, angalia safu ya Triggers, na ukipata inayokimbia mtumiaji anapoingia, soma kichupo cha Actions. Matangazo yanayojifungua kwenye kivinjari hupenda kujificha humo, kazi moja tu inayoamuru anwani ya tovuti ifunguliwe.

Ukikwama, kuna vifaa viwili vya Sysinternals, mkusanyiko wa zana ambao Microsoft iliununua mwaka 2006. Ni vya bure na havihitaji kusakinishwa, viweke kwenye flashi yako. Autoruns inaonyesha waitaji karibu wote kwenye ukurasa mmoja. Ifungue kama msimamizi, ficha vya Microsoft, kisha angalia rangi: njano maana yake faili lenyewe halipo, waridi maana yake mtengenezaji hajathibitishwa. Waridi si hukumu, watengenezaji wadogo waaminifu wako humo. Na toa tiki, usifute. Kilichotolewa tiki unakirudisha kwa kubofya mara moja.

Kingine ni Process Explorer. Ina alama ya shabaha juu: ivute uiangushe juu ya dirisha linalokusumbua, itakuonyesha ni la mchakato gani (programu inayokimbia) na mchakato huo umezaliwa na nani. Mzazi akiwa explorer.exe (eneo-kazi lenyewe la Windows), rudi kwenye Run na Startup. Akiwa services.exe, ni huduma. Akiwa svchost (mwenyeji wa huduma za Windows), weka kielekezi juu yake usome kama ana Schedule, na kama anayo nenda Task Scheduler. Mzazi akishaondoka mtoto atasimama peke yake pembeni, basi rudi Autoruns.

Wanafunzi wa kompyuta huja na Linux, nao wana lao. Kwenye Xfce, mojawapo ya mazingira ya madirisha ya Linux, kuna kisanduku cha kuhifadhi kikao kwenye dirisha la kutoka. Kikiwekwa tiki siku moja kwa bahati mbaya, mashine inarudisha madirisha yale yale kila siku. Toa tiki, na kikao cha zamani ukifute kwenye folda ya .cache/sessions ya nyumbani kwake. Vingine viko .config/autostart. Vilivyowekwa na mfumo viko /etc/xdg/autostart, lakini hivyo usivifute, sasisho linaweza kuvirudisha. Nakili faili hilo kwenye autostart ya mtumiaji kwa jina lile lile, ongeza mstari Hidden=true. La mtumiaji ndilo litakalofuatwa.

Mengine ya haraka. Laptopu ya ofisini ina mwenyewe. Programu ya usimamizi iliyowekwa na mwajiri usiing'oe kwa sababu mfanyakazi kakuomba, mwambie aende kwa watu wao wa kompyuta. Zile programu zinazojitangaza kuharakisha kuwaka, nyingi hujiweka zenyewe kwenye orodha ya kuwakia, yaani umeajiri mlinzi anayelala mlangoni. Na mwambie mteja ukweli: kama ni ex-UK (iliyotumika Uingereza) ya zamani yenye diski ya kuzunguka na ramu ya GB 4, kuzima programu tatu kutampa nafuu kidogo, SSD, diski isiyozunguka, itampa mashine nyingine.

Ukimaliza, jaribu kwa njia mbili. Bofya Restart, kisha siku hiyo hiyo izime kwa Shut down uiwashe tena, kwa sababu tangu Windows 8 kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski, na ni Restart inayoanza upya kweli. Halafu mpe mteja kiti, mwache aingie mwenyewe na kufungua anavyofungua kila siku, printa ikiwemo. Mwambie atoe karatasi moja. Simiti ile bado naikumbuka.